Majitaka ya Dodoma yakishatibiwa, yamwagilie nini?

Habari ya mboga za majitaka inapotoka gazetini, mambo hufuata njia ileile. Afisa afya anafika na waandishi, matuta yanafyekwa, mkulima mmoja anahojiwa huku ameinamisha uso, na baada ya muda mfupi mchicha umeota tena palepale. Si ajabu. Maji yapo mwaka mzima, hayalipiwi, yana mbolea ndani yake, na soko liko karibu. Hakuna marufuku inayoweza kushindana na mambo manne hayo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo swali la "turuhusu au tusiruhusu" mimi naliona limepitwa na wakati. Watu wanamwagilia tayari. Wanatumia maji ya mabwawa ya majitaka Dodoma na Morogoro, na kule Mabogini, chini ya mji wa Moshi, maji yanayotoka mabwawani huingia kwenye majaruba ya mpunga. Swali lenye kazi ni jingine: maji haya yametibiwa kwa ajili ya nani? Maji yaliyosafishwa ili yasiue samaki wa mtoni si lazima yawe salama kwa figili, na maji yanayofaa mpunga yanaweza kuliharibu ziwa. Mkanganyiko karibu wote unaanzia hapo.

Nitaishikilia Dodoma kama mfano, maana pale uhaba na wingi vinakutana. Mvua ni milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kwa miongo kadhaa mji umetegemea visima vya Mzakwe. Halafu Serikali ikatangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli, na watu wakamiminika: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956, ya 2022 ikahesabu 765,179. Kila anayehamia anakuja na kiu yake, na choo chake pia. Kwa kawaida karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia kwenye nyumba iliyounganishwa na mtandao wa majitaka hutoka tena upande wa pili. Katika mji mkavu, huo ndio mto pekee unaozidi kujaa kila mwaka, na Septemba haukauki.

Mto unataka hiki, shamba linataka kile

Mtambo wa majitaka ukikaguliwa, kipimo kinachoulizwa kwanza ni BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu vitatumia kuozesha uchafu uliobaki kwenye maji kwa muda wa siku tano. Kiwango cha Tanzania ni kisichozidi miligramu 30 kwa lita. Kwa samaki kipimo hicho kina maana kubwa, kwa sababu uchafu ukimaliza oksijeni ya mto, samaki wanaelea. Mto pia hautaki naitrojeni na fosforasi nyingi. Waliokaa Mwanza au Kisumu wanajua magugu maji yanavyonenepa kwa vitu hivyo.

Shamba lina mahitaji ya kinyume. Udongo wenyewe unajua kuozesha, kwa hiyo BOD kidogo hauiogopi. Naitrojeni na fosforasi ndizo mkulima anazozinunua dukani kwa bei ya kuumiza. Kinacholisumbua shamba ni vitu ambavyo kipimo cha BOD hakivioni kabisa: bakteria na virusi vya tumbo, mayai ya minyoo, chumvi, na metali za viwandani. Mtambo wa gharama, wenye mashine za kupuliza hewa, unaweza kushusha BOD vizuri sana huku maji yake yakitoka na bakteria wa kinyesi laki kadhaa katika kila mililita 100. Ndiyo maana nikiambiwa "maji yametibiwa" huwa nauliza: yaende wapi?

Mabwawa ya kawaida, yale tuliyoyazoea Tanzania, kwa shamba ni bora kuliko sura yake. La kwanza lina kina cha mita 2 hadi 5, halina hewa, na ndilo linalonuka. Kazi yake ni kuzamisha tope na kulila polepole. La pili lina kina cha mita moja na nusu hivi, na hapo ndipo mwani, yaani vimea vidogo sana vya kijani vinavyoelea majini, unapoanza. Yanayofuata, ya kukomaza maji, ni ya kina kifupi ili jua lifike chini. Ukisimama kando yake saa nane mchana utaona maji ya kijani kizito kama mlenda, na mtu asiyejua atasema hayo ndiyo machafu zaidi. Kumbe ule ukijani ndio mashine yenyewe. Mwani ukipigwa na jua unafyonza kaboni dioksidi kutoka majini, pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, inapanda mpaka kuvuka 9, oksijeni inajaa, na mwanga unachoma. Bakteria waliozoea giza na joto la utumbo hawana uwezo wa kustahimili mambo hayo matatu kwa pamoja. Usiku pH inashuka tena, kesho mchana inapanda. Hakuna umeme, hakuna pampu, hakuna dawa. Kinachohitajika ni eneo kubwa, na siku za kutosha maji yakiwa yametulia.

Kuhesabu sifuri

Majitaka mabichi huwa na bakteria wa kinyesi kama 10,000,000 katika mililita 100. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 1989 ulitaka maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi 1,000. Yaani sifuri nne zifutwe (kila moja ni bakteria kupungua mara kumi), tena zote zifutwe mtamboni. Kwa miji mingi yenye bajeti ndogo hilo halikuwezekana, na palipokosekana maji ya kiwango hicho wakulima waliendelea na yale mabichi.

Mwaka 2006 WHO ikageuza hesabu. Sifuri, ikasema, zinaweza kufutwa mahali popote kati ya choo na mdomo wa mlaji, mradi jumla itimie: sita hivi kwa mboga za majani zinazoliwa mbichi, saba kwa zile za mizizi. Mabwawa yaliyojengwa vizuri yanafuta tatu au nne. Umwagiliaji wa matone, ambapo maji yanakwenda kwenye shina bila kugusa jani, unafuta mbili kwa mmea mfupi na nne kwa mmea unaozaa juu. Ukiacha kumwagilia kabla ya kuvuna, kila siku ya jua inafuta kati ya nusu sifuri na mbili. Kuosha kwa maji safi kunafuta moja, kumenya mbili. Kupika kunafuta sita au saba kwa mkupuo mmoja.

Hapo unaanza kuona kitu ambacho wafyekaji wa matuta hawakioni. Mchicha, matembele na sukuma wiki hupikwa, na moto unamlinda mlaji kuliko mtambo wowote. Mwenye hatari ni yule anayeshika mboga kabla ya moto: mkulima aliyesimama pekupeku kwenye mfereji, mwanawe anayecheza tutani, mpishi anayekata mchicha kisha anakatia kachumbari kwenye ubao uleule. Vya kuogopwa ni saladi, figili, giligilani, vitunguu majani na kila kinachoingia sahanini kibichi. Na kuna hatua moja sokoni inayorudisha sifuri zilizokwisha kufutwa: yale maji ya kunyunyizia mboga zisinyauke, yanayokaa kwenye ndoo moja tangu asubuhi.

Santiago, mji mkuu wa Chile, ulilifanya jaribio hili bila kukusudia. Kwa miaka mingi mboga za saladi zilimwagiliwa kwa maji ya mito iliyobeba majitaka mabichi ya jiji, na homa ya matumbo ilikuwa juu kuliko mtu angetegemea kwa mji wenye maji ya bomba yaliyo salama. Mwaka 1991 kipindupindu kilipoingia Amerika ya Kusini, serikali iliamua kwa nguvu kuzuia umwagiliaji huo wa mboga zinazoliwa mbichi. Homa ya matumbo nayo ikaporomoka. Zuio lililolenga zao fulani lilifanya kazi. Sikuwahi kuona mahali ambapo zuio la kila kitu lilidumu.

Kitu ambacho klorini haikiwezi

Bakteria wanakufa kwa jua. Yai la mnyoo haliko hivyo. Mnyoo mmoja jike wa mviringo, yule mkubwa anayekaa utumboni, anaweza kutaga mayai laki mbili kwa siku. Kila yai lina ganda gumu, ni dogo kiasi kwamba huwezi kuliona kwa macho, na likiwa kwenye udongo wenye unyevu linaishi miezi, hata miaka. Klorini ya kawaida hailifanyi kitu. Kipimo cha WHO ni kikali: lisizidi yai moja katika lita nzima.

Dawa yake ni utulivu. Yai ni zito kuliko maji, kwa hiyo likipewa siku za kutosha kwenye bwawa lisilochafuka litazama lenyewe. Hapa bwawa la udongo linaushinda mtambo wa mashine. Lakini kuzama si kufa. Mayai yote yako kwenye tope, na siku bwawa likichimbwa, tope hilo linatamanika kama mbolea. Likisambazwa shambani likiwa bichi, bila kukaushwa kwa muda mrefu, mtu atakuwa amechukua kila kilichoondolewa kwenye maji kwa miaka kadhaa na kukimwaga kwenye tuta kwa siku moja. Tope hilo lina hadithi ndefu, tuliache hapa.

Kuna pia mnyoo wa safura, ambaye hahitaji hata kupitia kwenye chakula: kiluwiluwi chake kinapenya ngozi ya mguu kutoka kwenye udongo mbichi. Mabuti ya mpira ya mkulima yanapaswa kuhesabiwa kama sehemu ya mtambo.

Mji unapokua, siku zinapungua

Nimesema bwawa linahitaji siku. Chukua mabwawa yaliyosanifiwa maji yakae siku 20. Mji ukiunganisha nyumba mara mbili ya zile zilizokuwepo, na mabwawa yakabaki yaleyale, maji sasa yanakaa siku 10. Tope nalo likijaa hadi nusu ya bwawa la kwanza bila kuchimbwa, siku zinapungua tena. Kwa nje hakuna kilichobadilika: maji ni ya kijani, yanatoka, mkulima anayachota palepale. Zile sifuri zinarudi kimyakimya.

Magari ya kunyonya majitaka yanaongeza mzigo. Wakazi wengi wa miji yetu hawako kwenye mtandao wa mabomba. Wana vyoo vya shimo na makaro. Gari likija kumwaga kwenye mabwawa linaleta kitu kizito mara nyingi zaidi ya majitaka ya bomba, na likimwaga mfululizo asubuhi moja, bwawa linashtuka, mwani unakufa, harufu inafika mtaani. Mabwawa yenye mahali pake maalumu pa kupokelea magari hayo yanadumu zaidi.

Nairobi inaonyesha upande mwingine wa kukua. Mabwawa ya Ruai, yanayopokea sehemu kubwa ya majitaka ya jiji, ni kati ya makubwa zaidi barani Afrika. Maji yake huingia Mto Nairobi, yakashika Athi, yakawa Sabaki na kumalizikia baharini karibu na Malindi. Lakini si yote yanayofika Ruai. Huko Maili Saba, mashariki mwa jiji, watafiti waliandika zamani jinsi wakulima wanavyoziba bomba kuu ndani ya chemba ili majitaka yapande juu na kumwagika mashambani. Wanachukua maji mabichi kabla hayajatibiwa, kwa sababu mtambo uko mbali na mashamba yao yako njiani. Ukitaka kujua thamani ya maji haya kwa mkulima wa kiangazi, mtazame mtu aliyekubali kushuka chemba.

Hesabu ya ekari na ya urea

Watu wanaopenda mradi huu huwa wanasema majitaka "yatalisha mji". Tufanye hesabu ya mkono. Watu 10,000 wakitumia lita 80 kila mmoja, na asilimia 80 ikarudi, ni mita za ujazo 640 kwa siku. Mabwawa ya watu hao yatachukua kama hekta mbili. Kwa jua na upepo wa Dodoma, kila siku ya kiangazi milimita sita hivi zinapaa hewani, yaani mita za ujazo 120. Zimebaki 520. Hekta moja ya bustani pamoja na upotevu wa mifereji inakunywa kama 70 kwa siku. Jibu ni hekta saba na kitu, ekari 18 hivi. Kwa familia zinazozilima ni riziki kamili. Kwa chakula cha mji ni tone.

Sasa mbolea. Maji yenye miligramu 30 za naitrojeni kwa lita, yakimwagiliwa kwa kiasi hicho kwa siku 100, yanaiwekea hekta kilo 210 za naitrojeni. Ni sawa na mifuko tisa ya urea ya kilo 50. Inapendeza, mpaka ukumbuke kwamba mpunga unahitaji kama nusu yake. Ukizidishiwa unanenepa majani, unachelewa kuiva, kisha unalala. Mkulima hana bomba la kufunga mbolea na kuacha maji, vinakuja pamoja. Dawa ni kuchanganya na maji ya mto au kisima, au kuchagua zao linalokula sana, kama mabingobingo ya mifugo au migomba.

Na ile mita 120 iliyopaa haikuondoka na chumvi yake. Chumvi ya jikoni, ya sabuni ya unga, na iliyokuwemo kwenye maji ya kisima tangu mwanzo, yote imebaki kwenye zile 520, ikiwa imekolea zaidi. Pwani yenye mvua kubwa chumvi husuuzwa na masika. Dodoma mvua haitoshi kila mwaka kuisukuma chini ya mizizi, na sodiamu ikizidi kwenye udongo wa mfinyanzi, udongo unafunga, maji hayapenyi. Hasara hii haionekani mwaka wa kwanza. Mimi ningependa kupimiwa chumvi kuliko kupimiwa harufu.

Metali ni jambo fupi kulieleza na gumu kulitatua. Mabwawa hayaziozeshi, zinazama kwenye tope au zinapita. Dar es Salaam tafiti za tangu miaka ya 1990 zimekuta risasi na wenzake kwenye mboga za mabonde ya Msimbazi na Sinza, ambako majitaka ya nyumbani, viwanda na gereji yamekuwa yakichanganyika. Moto wa jikoni unaoua bakteria hauwezi kuifanya risasi kitu. Hapa hakuna hatua shambani itakayosaidia, ni kuzuia kiwandani tu. Dodoma ina bahati kwamba viwanda vyake vikubwa bado ni vichache, na kiwanda ni rahisi kukiwekea masharti kabla hakijaunganishwa kuliko baada.

Kwa hiyo yamwagilie nini

Ningeanza na miti. Dodoma ina kampeni ya kuifanya ya kijani, na miche mingi inayopandwa kwa shangwe wakati wa mvua hukabiliwa na Agosti bila maji. Wasomaji wetu wa Muscat wanaipita kila siku mifano ya kando ya barabara: nyasi na mitende iliyokunywa majitaka yaliyosafishwa. Mti hauliwi, na usafi wa kati unatosha.

Halafu zabibu, zao la Dodoma lenyewe. Mzabibu hupandishwa kwenye waya, tunda liko juu, bomba la matone liko chini, na sehemu kubwa ya mavuno inakwenda kwenye mvinyo. Tatizo lake ni chumvi, ambayo mzabibu hauipendi, kwa hiyo kipimo kije kabla ya mche. Majani ya ng'ombe yanafaa pia, ila yakatwe na kuanikwa. Ng'ombe akichungwa moja kwa moja kwenye malisho ya majitaka anaweza kuokota mayai ya tegu, na nyama isiyoiva vizuri ikamfikishia mtu. Mboga za kupikwa zinaweza kufuata, kwa wakulima waliofundishwa kusimamisha maji siku chache kabla ya kuvuna. Kachumbari ibaki kwa maji ya kisima.

Wapo watakaosema maji haya ni najisi, hata yakisafishwa vipi. Hoja hii haistahili kudharauliwa, na haijaanza leo. Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia liliijadili, na mwaka 1978 likatoa fatwa kwamba majitaka yakisafishwa mpaka rangi, ladha na harufu ya najisi vikaondoka kabisa, yanahesabika kuwa twahara, madhali hayana madhara kwa afya. Windhoek, Namibia, wamekuwa wakiyarudisha mpaka kwenye maji ya kunywa tangu 1968, kwa mtambo wa hali ya juu sana. Chuki ya moyoni huwa inapungua watu wanapoonyeshwa vipimo, na inaongezeka wanapogundua walifichwa.

Vipimo hivyo nani avilipie? Leo katika miji mingi mamlaka ya maji inapima maji yanapotoka kwenye mabwawa ili kutimiza kibali cha kutiririsha, na baada ya hapo hayamhusu mtu. Mkulima naye hana mkataba. Anachota kama anayeiba, kwa hiyo hawezi kudai kuambiwa siku bwawa lilipozidiwa. Mkataba wa maandishi, hata wa bei ndogo, ungembana kila upande: mamlaka itoe majibu ya vipimo vya mayai na chumvi kila msimu, mkulima apande yaliyokubaliwa. Jordan, ambako maji ya mtambo wa As-Samra hupitia bwawa la King Talal kwenda kumwagilia Bonde la Jordan, inaonyesha kwamba inawezekana kuyaweka majitaka kwenye hesabu rasmi ya maji ya taifa.

Kuna jambo moja lenye haraka zaidi ya hayo yote, nalo liko kwenye ofisi ya mipango miji. Mabwawa hujengwa sehemu ya chini ya mji ili majitaka yafike yenyewe kwa mteremko, na maji yakitoka yanaweza kumwagilia ardhi iliyo chini zaidi tu. Dodoma ni mji unaopima viwanja kwa kasi. Ardhi ya chini ya mabwawa ikishagawanywa na kujengwa, maji yatabidi yapandishwe kwa pampu kufuata mashamba yalikohamia, na bili ya umeme itaimeza ile mifuko tisa ya urea kabla msimu haujafika nusu.